Usitume Hela ya Rangi Kabla Hujajua Maji Yanaingilia Wapi



Kila masika yanapopiga huko nyumbani, tunaletewa swali lile lile: "Ukuta wa nyumba yangu umelowa, rangi inabanduka, wananiambia nitume hela ya rangi. Nitume ngapi?" Mwaka huu jibu letu ni moja. Usitume hata baisa moja ya rangi mpaka ujue maji yanaingilia wapi.

Tunasema hivi kwa sababu tumeshakosea. Dada mmoja anayefanya kazi za ndani hapa Al Khuwair amejenga Unguja, na mdogo wake wa kiume ndiye msimamizi. Ndani ya miaka miwili alituma hela ya rangi mara tatu, riali 70 kila mara. Hizo ni riali 210, na ukuta wa chumbani bado ulikuwa unalowa. Akaanza kumshuku mdogo wake kwamba anazila. Alipotuuliza, sisi kwa uhasibu wetu tukamwambia: dai risiti. Risiti zikaja, zote safi. Rangi ilinunuliwa kweli, fundi alilipwa kweli. Lakini ndugu wawili walikuwa wameshaacha kupigiana simu.

Aliyetutoa gizani ni kaka mmoja wa ujenzi, kibarua huko Ghala. Aliangalia picha akauliza: "Juu ya huo ukuta kuna nini?" Juu kulikuwa na ule ukuta mfupi unaoficha mabati, na pale bati linapokutana na ukuta hapakuzibwa. Kila mvua ilikuwa inashuka katikati ya ukuta. Hakuna aliyeiba. Risiti inaonyesha hela imetumika. Haionyeshi kwamba maji yamezuiwa.

Kwa hiyo kwanza ujue ni maji gani. Mwambie msimamizi wako atume video, siyo picha ya doa peke yake. Aanze ndani kwenye doa, kisha atoke nje aonyeshe upande wa pili wa ukuta huo huo, mpaka juu ya paa.

Doa likikua baada ya mvua na kufifia kiangazi, likiwa popote pale, pembeni mwa dirisha, karibu na dari au katikati ya ukuta, hayo ni maji yanayopenya kutoka nje. Unyevu ukianzia sakafuni na kupanda kama mita moja hivi, na chumvi nyeupe kama unga, hayo yanatoka ardhini; tatizo liko kwenye msingi, mara nyingi ile nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa au imetoboka. Ukuta ukilowa mvua inyeshe isinyeshe, shuku bomba: funga mifereji yote, angalia kama mita ya maji bado inazunguka. Na kama ni ukungu mweusi jikoni au kwenye chumba kisichopata hewa, huenda ni mvuke wa humo humo ndani. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke. Yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ukutani.

Ukishajua ni ya nje, yatafute kwa mpira wa maji siku ya jua. Mtu mmoja amwagie ukuta kwa nje, aanzie chini na kupanda kidogo kidogo, robo saa kila sehemu. Mwingine akae ndani akiangalia. Ukianza juu, maji yatateremka kote na hutajua tundu ni lipi.

Kinachotusikitisha ni kwamba wengi wetu tunaibeba shida hii kutoka hapa hapa. Tunaona majumba ya Muscat yenye paa bapa, yanapendeza, tunapeleka picha kwa fundi: nijengee kama hii. Muscat hupata mvua ya milimita kama 100 tu kwa mwaka. Unguja hupata zaidi ya 1,500. Hata hapa, waliokuwepo Gonu ilipopiga mwezi Juni 2007 wanajua maji yalifanya nini. Nyumba ya kontempori pwani inawezekana, lakini ina gharama zake ambazo hazionekani kwenye picha: kuziba maungio, gata za ndani, njia za maji za kutosha. Kama huna hela ya hayo, paa la mgongo lenye upenu mrefu ni akiba, siyo ushamba.

Matibabu yana mpangilio wake. Anza juu na nje: kofia za mabati, misumari iliyolegea na mipira yake, gata zilizoziba, nyufa za lipu, kingo za madirisha. Kizingiti cha chini cha dirisha kiinamie nje, na kwa chini kiwe na kijifereji cha kudondoshea maji yasirudi ukutani. Lipu iliyokufa ibanduliwe, ipigwe mpya kwa mchanga usio na chumvi ya bahari. Nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe itengenezwe kwa chokaa, siyo saruji, maana saruji hufungia maji ndani. Halafu acha ukuta ukauke, na ukuta mnene huchukua miezi. Rangi ndiyo ya mwisho kabisa. Methali inatuambia tuzibe ufa, lakini ufa wenyewe uko nje, na sisi tunapaka ndani.

Tunajua mtatuambia: harusi iko mwezi ujao, wageni wanakuja, watu watasema nini? Pakeni, lakini muiandike kwenye daftari kama gharama ya harusi. Msiiite matengenezo.

Ndugu zetu wa ujenzi, nyinyi mnajua kuliko sisi. Kwenye saiti hapa, paa na bafu hujazwa maji na kuachwa siku moja au mbili kabla ya kupokelewa. Mkandarasi hubakiziwa sehemu ya malipo mpaka kazi ithibitike. Mbona nyumba ya bosi inapimwa na ya kwako haipimwi? Kubaliana na fundi mapema, mbele ya shahidi, kwamba sehemu ya hela yake atachukua baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita na ukuta kubaki mkavu. Fundi anayeiamini kazi yake hatakataa.

Na kabla hujaenda Ruwi kutuma hela ya tailizi na dari ya jipsamu, uliza kama paa limepimwa. Tailizi zinaweza kusubiri.

Yule dada wa Al Khuwair alituma riali 45 za kuziba maungio ya bati. Masika yalipopita ukuta ulikuwa mkavu. Hela ya kwanza aliyotuma baada ya hapo haikuwa ya nyumba. Alimtumia mdogo wake, na ujumbe wa kumwomba radhi.