Glandi Kavu Si Sifa: Iache Shafti ya Chombo Chako Idondoshe Kidogo



Leo siandiki juu ya mbegu wala nyavu. Naandika juu ya kitu kidogo kilichojificha chini ya sakafu ya chombo, nyuma ya injini, ambacho abiria hakioni na mwenye mzigo haulizi habari zake. Ni glandi ya shafti.

Kama wewe ni mkulima wa mpunga au nazi kule delta ya Rufiji, au una duka Mafia na bidhaa zako huvuka kwa jahazi, usiseme haya ni ya manahodha peke yao. Maji yakijaa ngama, kinacholowa kwanza ni gunia lako.

Majahazi na mashua nyingi siku hizi hutumia tanga na injini pia. Upepo ukiwepo tanga linapandishwa, ukikatika dizeli inawashwa. Injini iko ndani ya chombo, propela iko nje majini, na shafti inayoviunganisha hupita kwenye tundu lililo chini ya usawa wa maji. Tundu hilo huwezi kulipiga kalafati kama ufa wa ubao, kwa sababu shafti inazunguka. Kazi ya kuzuia maji hapo ni ya glandi: kikombe cha chuma au shaba chenye pete za kamba ya kusuka iliyolowekwa nta au mafuta mazito, na nati kubwa, au bamba lenye bolti mbili, linalozibana pete hizo zikumbatie shafti.

Sasa nitoe maoni yangu wazi. Katika vyombo ninavyokagua, glandi huuawa kwa njia mbili. Wapo wanaoiacha ivuje wakitegemea kijana wa kufua maji. Na wapo wanaoikaza mpaka isitoe hata tone moja, kisha wanajisifu. Hawa wa pili ndio wanaonisumbua zaidi, kwa sababu wanadhani wamefanya vizuri.

Nahodha mmoja aliniita nione glandi yake. "Afisa, angalia, kavu kama sahani." Injini ilikuwa imetoka kufanya kazi. Nikagusa glandi kwa mkono, nikautoa haraka, ilikuwa inaunguza. Nilimwambia ailegeze, akacheka. Miezi miwili baadaye shafti ilitolewa, nayo ilikuwa na mfereji uliochimbika kuizunguka, unaousikia kwa ukucha. Waliweka kamba mpya, ikavuja safari ya kwanza. Ikabidi inunuliwe shafti nyingine, na chombo kikalala wiki tatu. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha panga magunia yake ya mchele kwa safari ile alisubiri, mpaka bei aliyoikusudia ikapita. Yeye hakukaza nati yoyote.

Kwa nini kukaza sana kunaharibu? Maji yale machache yanayopita katikati ya kamba na shafti ndiyo yanayopoza na kulainisha. Ukiyazuia kabisa, kamba inasuguana na chuma pakavu, inaungua, inakuwa ngumu, kisha inaanza kuila shafti. Kwa hiyo glandi ya kamba iliyo nzima hudondosha matone machache, kama 3 hadi 10 kwa dakika, shafti ikizunguka. Shafti ikisimama, matone yakome au yabaki ya nadra sana.

Tupige hesabu kidogo. Matone 20 ni kama mililita 1. Matone 10 kwa dakika ni mililita 30 kwa saa. Safari ya saa 10 inakupa mililita 300, yaani glasi moja na kidogo. Hayo hayazamishi chombo. Lakini glandi inayotoa glasi moja ya mililita 250 kila dakika inaingiza lita 15 kwa saa. Kwa usiku mmoja wa saa 12 ni lita 180, uzito unaozidi kilo 180, bila mtu yeyote kuupakia. Haba na haba hujaza kibaba, na ngama pia.

Namna ya kurekebisha

1. Hesabu matone kwanza. Chombo kikiwa kimefungwa imara, washa injini, weka gia, ihudumie propela dakika 10, uhesabu kwa saa. Mikono, shati na kanga vikae mbali na shafti inayozunguka.
2. Zima injini kabla hujashika spana. Toa na ufunguo, mtu asije akawasha wewe ukiwa chini.
3. Legeza nati ya kufungia, kisha zungusha nati ya glandi kidogo tu, isizidi robo mzunguko. Kama ni bamba la bolti mbili, kaza pande zote kwa kiasi kilekile, lisije likalala upande.
4. Zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa, umekaza mno.
5. Washa tena, hesabu tena, kisha zima na uguse glandi. Vuguvugu si shida. Ikiwa huwezi kuishika, legeza.
6. Rudisha nati ya kufungia, na uangalie tena baada ya safari inayofuata.

Glandi yenye kikombe cha grisi hupewa grisi kidogo kila safari. Usidhani kikombe hicho kinaondoa haja ya kuhesabu matone.

Kubadilisha kamba

Nati ikifika mwisho na maji bado yanaingia, kamba imekwisha. Usiibadilishe chombo kikiwa kinaelea, maana ukitoa pete ya mwisho bahari inaingia. Sisi watu wa pwani tuna gati la bure. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kiegeshe chombo mchangani, kitegemeze vizuri, na maji yakipwa una saa kadhaa za kazi pakavu.

Toa kamba zote za zamani, hata ile iliyojificha mwisho kabisa. Wengi huongeza pete mpya juu ya mkaa wa zamani, halafu wanailaumu kamba. Futa shafti na upitishe ukucha: kama kuna mfereji, mwite fundi kabla hujanunua chochote. Pima nafasi kati ya shafti na ukuta wa glandi, ununue kamba ya unene huo. Kata pete mojamoja kwa kuzungushia kwenye shafti, na miisho uikate kwa mshazari ili ikutane vizuri. Usiingize kamba moja ndefu iliyojizungusha kama chemchemi. Sukuma pete moja, kisha inayofuata, na maungio yasilingane. Kwa pete tatu, moja iwe juu na nyingine mbili zielekee pembe za chini, kushoto na kulia. Mwisho kaza kwa nguvu ya mkono tu. Siku za kwanza itadondosha zaidi kidogo. Ipunguze taratibu, safari kwa safari.

Usitumie vipande vya shuka wala kamba ya nailoni ya nyavu. Havikutengenezwa kwa msuguano na joto la shafti.

Kamba mpya ikivuja mapema, tatizo huenda liko kwingine: injini haikunyooka na shafti, beringi ya nyuma imelika, au mpira unaoshika glandi umepasuka na klampu zake zimeoza kwa kutu. Mpira huo uangalie kila unapohesabu matone, kwa sababu ukichomoka, maji yanayoingia hayafuliwi kwa ndoo.

Nani alipe?

Hapa najua wengine hawatakubaliana nami. Kwa kawaida, baada ya safari, gharama hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na mabaharia. Dizeli inatolewa, oili inatolewa, chakula kinatolewa. Kamba ya glandi inaitwa matengenezo, na matengenezo ni ya tajiri, na tajiri hayuko kwenye ngama. Anayefua maji usiku hana pesa ya kununua kamba, na mwenye pesa hajui kwamba maji yanafuliwa.

Maoni yangu ni kwamba glandi iingie kwenye gharama za safari kama dizeli. Tenga kiasi kidogo kila safari, kiandikwe daftarini, na kipimo kimoja cha kamba ya saizi yenu kikae chomboni daima pamoja na spana zake mbili. Mabaharia watasema wanapunguziwa mgawo. Ni kweli, kwa kiasi kidogo. Lakini waliokuwa kwenye ile mashua walikosa mgawo wa wiki tatu nzima.

Wengine huniambia, "Tuna pampu ya umeme." Vizuri, endeleeni kuwa nayo. Lakini pampu inategemea betri, na betri inategemea injini. Pampu inatoa maji. Haizibi tundu. Zipo pia sili za kisasa zisizodondosha kabisa. Ni nzuri ukiweza bei yake na ukipata fundi anayeijua. Kwa chombo kinachotengenezewa mchangani na mwenyewe, mimi bado nachagua kamba.

Nawe mwenye mzigo, kabla hujapakia uliza mambo matatu. Glandi inadondosha matone mangapi? Kamba ilibadilishwa lini? Ya akiba iko wapi? Nahodha anayejali kazi yake atakujibu bila kukasirika, na pengine atafunua sakafu uone mwenyewe. Akikuambia ni kavu kabisa na ni ya kamba, mwombe aiguse kwa mkono mbele yako injini ikishazimwa.

Kwa wakulima wa umwagiliaji: baadhi ya pampu za maji, hasa kubwa na za zamani, zina glandi ya namna hii hii. Sheria ni ileile. Matone machache yaache, mtiririko urekebishe.

Bamvua inayokuja, wewe mwenye chombo funua sakafu ya nyuma, chukua saa, uhesabu. Dakika moja inatosha kuanza.