Kalibu Moja, Nafsi Nyingi

Kati ya wakusanyaji wote wa vitu, hapana anayechekwa upesi kuliko mtu akusanyaye sanamu za roboti zigeukazo zilizotolewa tena kwa rangi mpya. Akusanyaye stempu huitwa mwenye subira. Akusanyaye sarafu huitwa mpenzi wa historia. Akusanyaye vitabu huitwa mwanachuoni, hata kama hajavisoma. Lakini mtu awekaye rafuni mwake ndege tatu za plastiki, zote za umbo moja, zikitofautiana kwa rangi tu, huitwa mtoto aliyekataa kukua, au mjinga aliyeuziwa kitu kimoja mara tatu. Hukumu hii ni nyepesi, na wepesi wake ndio uliowafanya wengi waipokee bila ya kuipima. Ikipimwa, huonekana kuwa imejengwa juu ya dhana moja: kwamba umbo ndilo kitu chenyewe, na rangi ni nguo ya kuvaliwa na kuvuliwa. Dhana hiyo ni ya uwongo, na uwongo wake unaweza kuonyeshwa.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa sokoni sanamu zilizoitwa Transformers: gari, ndege au bunduki ambayo, viungo vyake vikikunjuliwa kwa mpango, hugeuka roboti yenye kichwa, mikono na miguu. Kalibu zake hazikubuniwa Marekani. Zilitoka Japani kwa kampuni ya Takara, ambayo ilikuwa ikizitumia kwa sanamu zake za Diaclone na Microman. Katika Diaclone roboti ilikuwa chombo tu. Haikuwa na akili wala nia. Iliendeshwa na mtu mdogo wa plastiki aliyeketi ndani yake, kama nahodha katika jahazi. Gari lile lile likitolewa kwa rangi mbili, tofauti yake haikuzidi tofauti ya teksi mbili za tajiri mmoja.

Hasbro haikuridhika na hali hiyo. Ilitaka kila roboti awe na uhai wake, kabila lake na kisa chake, kwa hiyo iliwaendea Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni. Jim Shooter aliandika muhtasari wa vita baina ya Autobots na Decepticons. Dennis O'Neil alimpa Optimus Prime jina lake. Na Bob Budiansky aliandika sehemu kubwa ya majina na tabia za wengine. Tabia hizo zilichapishwa mgongoni mwa kasha, na vipimo vya nguvu na akili vilifichwa kwa wino hata visomeke kwa kipande cha plastiki nyekundu. Kazi hii ya kalamu ndiyo iliyofanya lile ambalo kalibu haikuweza kulifanya. Msemaji wa Kiswahili analiona badiliko hili katika sarufi yake mwenyewe: kabla ya jina, roboti ilianguka, baada ya jina, roboti alianguka. Kiambishi kimoja kimebeba umbali wote uliopo baina ya chombo na nafsi.

Na wazitazamwe wale ndege watatu wachekwao. Wote walitoka katika kalibu moja iliyofuata umbo la ndege ya vita ya F-15, na wote waliuzwa mwaka 1984. Wa kijivu, mwenye nyekundu na buluu, ni Starscream, mhaini amtumikiaye Megatron kwa mdomo huku akikitamani kiti chake. Wa buluu ni Thundercracker, ambaye huwadharau wote wasioweza kuruka, lakini moyoni mwake hana yakini kwamba vita anavyovipigana ni vya haki. Mweusi mwenye zambarau ni Skywarp, mpenda mizaha ya kuumiza, awezaye kutoweka mahali na kutokea pengine. Mmoja ana tamaa, wa pili ana shaka, wa tatu ana ukatili wa kipuuzi. Asemaye kwamba hawa ni mtu mmoja aliyebadili nguo, na aseme pia kwamba ndugu pacha ni mtu mmoja kwa kuwa walikaa katika tumbo moja.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Kalibu ya gari dogo la Nissan Vanette ilitoa magari mawili. Lililo jekundu liliitwa Ironhide, mlinzi mzee asiyeogopa risasi. Lililo jeupe, lenye alama za gari la wagonjwa, liliitwa Ratchet, tabibu. Kalibu ile ile imemzaa apigaye na aponyaye. Kadhalika kalibu ya Nissan Fairlady Z ilitoa Prowl, polisi mtulivu apimaye kila jambo kwa hoja; ikatoa Bluestreak, msemaji asiyenyamaza, ambaye maneno yake mengi yanaficha huzuni ya mji wake ulioteketezwa; na mwaka 1985 ikatoa Smokescreen, fundi wa kuwapoteza maadui njia. Rangi za polisi, rangi ya fedha, rangi za gari la mashindano: hizi hazikuwa mapambo ya juu. Zilikuwa alama za kazi na tabia, na bila ya hizo jina lisingekuwa na mahali pa kushika.

Wacheka wana jibu lao la kwanza. Husema kwamba yote haya ni hila ya biashara: kalibu ya chuma cha pua huchongwa kwa gharama kubwa, na kubadili rangi ni rahisi, kwa hiyo kampuni huitumia kalibu mara nyingi ili irudishe fedha yake. Hayo ni kweli, na hapana haja ya kuyakana. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini sababu ya kitu kufanywa si kipimo cha thamani yake kikiisha kufanywa. Fundi seremala huchonga mlango kwa sababu ana watoto wa kulisha. Hapana atazamaye nakshi za mlango akasema, huu ni unga wa watoto. Haja ya fedha ilileta ndege watatu wa umbo moja mezani. Haikuwaleta mhaini, mwenye shaka na mkatili.

Wanafunzi wa fasihi ndio wenye haki ndogo kabisa ya kucheka. Wao wanaijua kalibu ya utenzi: vipande vinne, mizani minane kwa kila kipande, vina vya vipande vitatu vikifanana, na kina cha mwisho kikifunga ubeti hadi ubeti. Kalibu hii imetumika kwa vita, kwa mawaidha, kwa mapenzi ya mama na mwana, na hapana mwanachuoni amwambiaye mtunzi kwamba umbo hili limekwisha tumika, atafute jingine. Tena kila nyumba ya pwani ina mfano wake sandukuni. Kanga mbili huwa na nakshi moja na kutofautiana kwa rangi na kwa maneno yaliyoandikwa. Na maneno hayo watu wameyaita kwa neno lililo sawa kabisa, jina. Mwanamke ajuaye maana ya jina la kanga hawezi kumpelekea mkwewe kanga ya masuto akajitetea kwamba nakshi ni ile ile ya kanga ya shukrani.

Iko hoja nyingine ambayo wacheka hawakuifikiri, nayo inatoka katika plastiki yenyewe. Wao husema, rangi ni ya juu tu. Lakini sehemu kubwa ya rangi ya sanamu hizi haipakwi juu kwa brashi. Huchanganywa katika plastiki kabla haijasukumwa ndani ya kalibu, ikawa rangi ya mwili mzima, nje na ndani. Kubadili rangi, basi, ni kubadili hata mata ya sanamu, na mata mpya huweza kuwa na ajali yake. Mwaka 1987 Hasbro ilitoa nge mkubwa ageukaye roboti na ngome, aitwaye Scorponok. Mwaka uliofuata kalibu yake ilitumika Japani kumtoa Black Zarak, mweusi, ambaye baadhi ya viungo vyake vilifanywa kwa plastiki iliyochanganywa na chembe za kung'aa mfano wa dhahabu. Plastiki ya namna ile hudhoofika kwa kupita miaka, ikawa kavu, ikavunjika kwa kuguswa. Scorponok wengi bado wanasimama. Viungo vya dhahabu vya Black Zarak humeguka mikononi mwa wenyewe. Rangi iliyodaiwa kuwa nguo imegeuka kuwa ugonjwa wa mifupa. Ni nani tena atakayesema kwamba hawa wawili ni kitu kimoja?

Hata hivyo, kumtetea mkusanyaji kwa wacheka si kumpa ruhusa ya kununua kila kitu. Liko kundi la pili linalostahili lawama, nalo limo ndani ya wapenzi wenyewe: wale wanunuao rangi bila ya kuuliza jina. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kampuni ikiisha kujua kwamba kila rangi itapata mnunuzi, haina sababu ya kuandika kisa. Mfano wake ni roboti mweusi. Mwaka 2000 nchini Japani kalibu ya Optimus Prime ya mwaka 1995 ilitolewa kwa weusi, na mwaka 2001 sanamu hiyo ilifika Marekani kwa jina la Scourge. Lilikuwa jambo lenye nguvu: uso wa kiongozi mwema ukitazamwa katika kioo cha giza. Lakini tangu hapo Optimus Prime mweusi, aghalabu kwa jina la Nemesis Prime, amerudishwa mara nyingi mno, kutoka kalibu baada ya kalibu, hata weusi wake umekuwa desturi ya ghala. Kilichokuwa kitisho kimekuwa ratiba. Baada ya sinema ya mwaka 2007 Optimus Prime na Bumblebee nao waliuzwa tena na tena kwa tofauti ndogo za rangi ambazo hazikuleta nafsi mpya wala habari mpya.

Lawama hii isiwaangukie wote kwa pamoja. Mkutano wa wapenzi uitwao BotCon, ulioanza mwaka 1994 katika mji wa Fort Wayne, Indiana, ulitoa sanamu zake maalumu kwa kubadili rangi, kwa sababu kuchonga kalibu mpya kulizidi uwezo wa waandalizi. Umaskini huo ulileta ubunifu. Mwaka 2008 walitoa kundi la Shattered Glass, ulimwengu uliopinduliwa, ambamo Optimus Prime ni jeuri na Megatron ni mtetezi wa wanyonge. Hapo rangi ilikuwa na kazi, maana ilimlazimu mtazamaji aliulize upya lile alilolidhani analijua. Iko na habari nzuri kuliko hiyo. Katika filamu za katuni za televisheni za mwaka 1984 zilipita ndege za rangi nyingine zisizo na majina, kwa kuwa mchoro mmoja ulitumika mara nyingi. Zilipita kwa muda mfupi tu, lakini watazamaji hawakuzisahau. Miaka mingi baadaye zilipewa sanamu na majina, wakawa Sunstorm na Acid Storm. Rangi ilitangulia, ikangoja, na macho ya watu yakaidai nafsi iliyokuwa haki yake.

Mahali hapa ndipo penye mpaka baina ya ukusanyaji na ulafi. Rangi ambayo haina jina na haitafuti jina ni mali ya ghala tu. Aibebaye nyumbani kwa kuwa imetolewa kwa idadi ndogo, au kwa kuwa inauzwa katika duka moja tu, ameununua uhaba, na uhaba hauwekwi rafuni. Afichaye sanamu ndani ya kasha lisilofunguliwa, akingoja bei ipande, ameinunua roboti igeukayo na kuikataza kugeuka. Na kama ina plastiki ya dhahabu, wakati utamfungulia kasha bila ya ruhusa yake. Na yule apakaye sanamu ya kawaida rangi ya toleo adimu kwa mkono wake ni fundi wa kusifiwa akisema kwamba ni kazi yake, na mghushi akinyamaza. Bidii ya mkono huwa ni ile ile katika hali zote mbili; kauli moja ya kweli ndiyo inayoitenganisha sanaa na wizi.

Kwa hiyo swali analopasa kuulizwa mkusanyaji si hili liulizwalo kila siku, "Kwa nini umenunua kitu kile kile tena?" Swali hilo humdhihaki asiyestahili na humwachilia astahiliye. Na aulizwe hivi mbele ya kila rangi mpya: "Huyu ni nani?" Akiweza kujibu, akataja jina, tabia na kisa, basi hakununua kitu kile kile, na vicheko vya walimwengu havimpunguzii chochote. Asipoweza kujibu, na airudishe sanamu dukani. Kampuni itakapoona makasha yanarudi, itakumbuka kwamba mwaka 1984 ilihitaji kalamu kabla ya kuhitaji rangi. Jina jema hung'ara gizani. Rangi, hata iwe nzuri namna gani, gizani haionekani.