Dirisha la kuzuia kelele si jibu la wote

Mwezi wa kumi nilimrekodi nkambo wangu akisimulia hadithi za Kisanga, nyumbani kwetu Katuba. Niliporudi kusikiliza, sauti yake ilikuwa imezama chini ya besi ya nganda ya jirani na mngurumo wa jenereta. Kisanga ni lugha ya toni. Katika Lingala, ambayo wengi wetu tunaijua, «kokoma» ni kuandika au kufika, na kinachotenganisha maana hizo ni toni peke yake. Kelele ikifunika toni, imefunika neno.

Mjomba alinishauri niweke dirisha la vioo viwili. Ushauri huo una kweli ndani yake. Sauti hupita kwanza penye nafasi, na madirisha yetu ya naco, vile vipande vya vioo vinavyopandana, hayabani hata yakifungwa. Dirisha linalobana, lililozibwa kwa mpira pembeni, hupunguza sana sauti za watu na za pikipiki. Vioo viwili vyenye nafasi pana katikati husaidia zaidi. Pazia linatuliza mwangwi wa ndani tu.

Lakini besi ni shauri lingine. Mawimbi yake ni marefu, na kioo huyazuia kidogo, hata kikiwa mara mbili. Juu yetu kuna bati bila dari, na kelele inashukia hapo. Tena dirisha la namna hiyo lazima lifungwe. Mwezi wa kumi, kwa joto la Lubumbashi, umeme umekatika na feni imesimama, nani atalifunga?

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele isizidi desibeli 30 katika chumba cha kulala usiku, na 35 darasani. Halikusema kwamba ni kwa wenye pesa za vioo tu. Tukikubali kwamba kila mtu ajinunulie utulivu wake, lugha za wazee wetu zitarekodiwa vizuri katika nyumba za matajiri peke yake, na huko wazee hao hawakai.

Wengine watasema nganda inalisha familia. Ni kweli, na sitaki ifungwe. Tulienda na mjomba kumsalimia mwenyewe: «Papa, nkambo anazeeka, tunataka kuchukua maneno yake.» Aligeuza bafle, akakubali kupunguza besi saa mbili za jioni, siku tatu kwa juma. Rekodi za siku hizo zinasikika.

Kitivo kinatutuma kukusanya lugha. Kitupatie basi chumba kimoja chenye dirisha linalobana, na barua ya kuwapelekea wakubwa wa kartye, ili mwanafunzi asiende kuomba utulivu kwa jina lake peke yake. Nkambo amebakiza hadithi saba.