Joto lawahi, ndege wachelewa: Kalenda ya jua yavurugika

SERIKALI nyingi zinapozungumzia uhifadhi wa ndege, hutaja misitu iliyofyekwa na sumu iliyomwagwa mashambani. Yaliyotokea Uholanzi, hata hivyo, yanaonyesha kuwa ndege anaweza kutoweka hata pale ambapo miti ingali imesimama, kwa sababu tu amechelewa siku chache.

Ndege wengi wa nchi za baridi hujiandaa kuzaa kwa kufuata urefu wa mchana. Mnamo 1925, mtaalamu William Rowan wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, alieleza jinsi alivyowafungia ndege katika vizimba vya nje wakati wa baridi kali, akawawashia taa jioni na kuongeza dakika chache kila siku. Korodani zao zilikua katikati ya theluji. La kushangaza zaidi, jicho si lazima katika kipimo hiki: mwanga hupenya fuvu hadi kwenye ubongo, nao ukaamsha homoni za uzazi. Wafugaji wa kuku wa mayai wanaowasha taa bandani huitumia siri iyo hiyo.

Zamani jua halikumdanganya ndege. Mchana ulirefuka, joto likafuata na viwavi wakajaa mitini. Siku hizi joto hutangulia.

Mwathiriwa mmoja ni ndege mdogo aitwaye Ficedula hypoleuca, ambaye hutoka Afrika Magharibi kwenda kuzaa Ulaya. Saa ya mwili wake, inayorekebishwa na urefu wa mchana, ndiyo humwamuru aondoke. Akiwa huku Afrika hawezi kujua kwamba mialoni ya Uholanzi imekwisha kuchipua. Mwaka 2001, watafiti Christiaan Both na Marcel Visser walionyesha kuwa ndege hao walitaga mapema kiasi, lakini tarehe yao ya kuwasili haikusogea. Mnamo 2006, Both na wenzake waliripoti kuwa katika misitu ambako viwavi huwahi zaidi, idadi yao ilipungua kwa takriban asilimia 90 katika miongo miwili. Uzio wa mbuga haurekebishi saa.

Kenya, iliyo kwenye ikweta, mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Hapa kwelea choma huzaa kwa kufuata mvua na mbegu za nyasi. Mvua zikihama, nao huhama. Wakulima wa mpunga wa Kisumu, waliovamiwa na makundi hayo mapema 2023, wana sababu ya kutazama mawingu kuliko kalenda.