Kolwezi: Nguo za watoto wetu, tusingojee maduka ya wageni

Kuna majira mawili ambapo mzazi wa Kolwezi hawezi kukwepa soko: Septemba, masomo yakifunguliwa, na Desemba, kila mtoto akiomba nguo ya Bonane. Wauzaji wanajua hayo vizuri. Bei inapanda, na hakuna kipande cha karatasi kwenye nguo cha kukuonyesha jana ilikuwa ngapi.

Ndiyo maana wengi wanasema: tuletewe maduka makubwa ya nguo za watoto kama yale ya Zambia. Wanayaona wakivuka Kasumbalesa. PEP, kampuni ya Afrika ya Kusini iliyoanza mwaka 1965, ina maduka yake huko. Sweta ya mtoto ina bei iliyobandikwa, na mke wa mlinzi anailipa sawasawa na mke wa mkubwa wa mgodi. Sisi pia tuko kwenye ukanda wa shaba, tena na kobalti juu yake. Kwa nini wao na si sisi?

Duka la namna hiyo linaishi kwa kununua vingi na kupata faida ndogo kwa kila nguo. Faida hiyo ndogo inaliwa njiani. Dekreti ya mwaka 2002 ilisema huduma nne tu ndizo zikae mpakani: forodha, OCC, DGM na usafi. Aliyepita Kasumbalesa na mafurushi aseme mwenyewe alikuta meza ngapi. Kiisha kuna barabara ya Lubumbashi, Likasi mpaka hapa, karibu kilomita 400, pamoja na peaji zake na misululu ya malori ya shaba. Kila kitu kilicholipwa huko kinaingia ndani ya shati ya mtoto. Shoprite ilifungua Kinshasa mwaka 2012, kiisha ikaondoka inchini. Tusijidanganye.

Tena kuna jambo ambalo wapenda maduka makubwa wanalisahau. Pesa ya Kolwezi inapanda na kushuka. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi. Oktoba ikaanza kugawa viwango kwa kila kampuni. Mchimbaji wa mikono asiyeuza hanunui. Mama wa soko anamjua, anamwandika ndani ya daftari, anamngoja. Duka lenye kompyuta halikopeshi mtu.

Kwa hiyo mimi ningeanza na yunifomu. Ni bluu na nyeupe, ao ukipenda Kalemie ao ukipenda Kinshasa, na hesabu ya watoto inajulikana. Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Ni mteja gani mwingine anayerudi kila Septemba bila kukosa? Mafundi wa cherehani wako Dilala, wako Manika. Kinachowakosa ni kitambaa cha bei ya jumla na mtu wa kuwapa kazi mapema.

Pesa zipo. Kodi ya migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za karibu. Tunaona shule zikijengwa kwa pesa za migodi, na ni vizuri. Lakini mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa shati, ukuta mpya unamsaidia nini? Sehemu ndogo inunue marobota ya kitambaa, mafundi washone, shule ziuze kwa bei moja iliyoandikwa mlangoni. Mama wauza nguo nao wana likelemba zao. Badala ya kila mmoja kwenda peke yake mpakani na begi lake, waagize mzigo mmoja.

Kitambaa cha Septemba kinanunuliwa mwezi wa tatu, si Agosti. Kamati zinazogawa pesa hizo zikikutana masomo yakiwa yamekaribia kufunguliwa, mafundi wetu wataendelea kutia viraka, na yunifomu zitapita Kasumbalesa kama kila mwaka.