Dawa moja tangu miaka ya 1970: tumechoka!

Wandugu vijana wa Fizi na Baraka,

Bilarzia inapita kwenye ngozi, pale ziwani tunapooga, kufua na kuteka maji. Dawa tunayopewa ni moja tu, prazikwanteli, inayojulikana tangu miaka ya 1970. Inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inapona. Mtoto anameza leo, kesho anarudi kwenye maji yale yale. Siku minyoo ikiizoea dawa hiyo, tutameza nini?

Kule Basel, Uswisi, watafiti wametengeneza kifaa kidogo chenye mifereji myembamba sana. Mnyoo mchanga unawekwa ndani pamoja na dawa mpya, na umeme unaonyesha kama bado unacheza ama umekufa. Kazi nzuri, tunaipongeza. Lakini wagonjwa wako hapa! Uvira kuna kituo cha utafiti wa ziwa. Kwa nini vifaa vya namna hiyo visifike huko, vijana wetu wafundishwe kuvitumia?

Tunaidai Serikali mambo mawili: maabara karibu na wagonjwa, na maji safi ya bomba. Kimoja bila kingine ni kutudanganya.

Hatuzaliwi ili tuhesabiwe tu kwenye ripoti. Tusimame!