Gia za Mkono: Ujuzi Hauzeeki

Hapana shaka kwamba mashine imekwisha kumshinda binadamu katika kubadilisha gia. Mwaka 2013, kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilipozindua toleo jipya la gari lake la 911 GT3, iliziondoa gia za mkono na kuweka mtambo wa PDK wenye klachi mbili: moja ya gia witiri, nyingine ya gia shufwa. Gia moja inapofanya kazi, inayofuata huwa imekwisha kuandaliwa. Klachi moja huachia na nyingine hushika papo hapo. Dereva, hata awe hodari vipi, hawezi kushindana na wepesi huo. Gari hilo liliporekebishwa mwaka 2017, lile la PDK lilifikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.4, na la gia za mkono katika sekunde 3.9. Mashabiki wa otomatiki husema kwamba mjadala umekwisha.

Haujesha. Mwaka 2016, Porsche ilitoa 911 R, magari 991 tu, yote ya gia za mkono. Yaligombewa, na bei zake sokoni zikapaa kuliko ile ya kiwandani. Mwaka uliofuata GT3 nalo likarejeshewa gia za mkono, mnunuzi akaachiwa hiari. Je, wanunuzi hao hawakujua hesabu? La hasha! Walitambua kwamba nusu sekunde ina thamani katika uwanja wa mashindano, si katika barabara ya umma yenye watoto, baiskeli na sheria za mwendo. Huko, nguvu farasi 500 haziwezi kutumiwa zote. Kinachobaki ni kazi ya dereva: kuisikiliza injini, kukanyaga klachi, kushusha gia kabla ya kona. Raha hiyo hupatikana hata kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

Ni kweli kwamba otomatiki humpumzisha dereva katika msongamano, na humwezesha kuendesha mtu ambaye mguu wake wa kushoto hauna nguvu. Kwa sababu hiyo isibezwe. Hata hivyo, gari la aina hii halinunuliwi kwa ajili ya kupumzika. Wahenga walinena kwamba ujuzi hauzeeki. Lakini usipotumiwa hukosa warithi. Watengenezaji wasiupime ubora wa gari la barabarani kwa saa pekee, bali wamwachie dereva hiari yake.